Ala ya Mabomba kwenye Bustani ya Umma: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kukata Hadi Kukabidhi

Malalamiko ninayoyapokea ni yale yale. Kikundi kimechangishana, bomba limenunuliwa, fundi amechomelea, watoto wamekuja siku ya uzinduzi, na ala inasema "ta, ta, ta" kama mtu anayegonga geti. Wengine hupata sauti wiki ya kwanza, kisha bomba moja moja linanyamaza. Wakiniuliza, wanataka kujua wanunue chuma gani cha bei zaidi. Chuma chao hakina tatizo. Kimebanwa mahali pasipotakiwa kubanwa, basi.

Bomba hulia likiwa huru kutetemeka. Ukilipiga katikati, tumbo lake linakwenda huku na ncha zote mbili zinakwenda kule, mara mamia kwa sekunde. Zipo sehemu mbili tu ambazo karibu hazisogei kabisa: moja iko umbali wa asilimia 22.4 ya urefu kutoka ncha ya juu, nyingine umbali huo huo kutoka ncha ya chini. Hapo unaruhusiwa kutoboa na kufunga. Ukifunga kwingine, unalizima.

Mwongozo huu ni wa ala ya mabomba sita yanayoning'inia wima ndani ya fremu, watu wakipiga kutoka pande zote mbili. Hakuna umeme wala spika. Ukishaweza hii, za vihisi na betri utazijaribu baadaye, ingawa kwa bustani ya umma mimi huwashauri watu waanze na kitu kisichohitaji chaji.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa ajili ya sauti
- Bomba moja la GI (chuma kilichopakwa zinki) la inchi moja na nusu, urefu wa mita 6. Kipenyo cha nje kiwe kama milimita 48 na unene wa ukuta milimita 3.2. Usichukue lile jepesi, hubonyea likipigwa.
- Bolti 12 za milimita 6, ndefu za kupenya bomba zima, pamoja na nati zenye plastiki ndani (zile zisizofunguka kwa mtikisiko).
- Waya wa chuma uliosokotwa, wa milimita 4, usioshika kutu, na vibano vyake vya kuminya.
- Mrija laini wa plastiki wa kuvalisha waya.
- Tyubu kuukuu za baiskeli.

Kwa ajili ya fremu
- Bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, unene milimita 3, urefu wa mita 6, jeusi. Lisiwe la GI, sababu inakuja.
- Saruji mifuko miwili, mchanga, kokoto.
- Rangi ya kuzuia kutu na rangi ya mafuta.

Vifaa vya kazi
- Grinda, drili, tupa, futi kamba, pimamaji, spana, miwani ya kukinga macho.
- Simu yenye programu ya kupimia noti inayoonyesha Hz (masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde). Za bure zipo tele.
- Vigogo viwili vya mgomba. Siyo utani, utaona kazi yake.

## Hatua ya 1: Pata mahali na karatasi yake

Bustani nyingi za umma Tanzania ziko chini ya halmashauri, na Kenya ziko chini ya serikali za kaunti. Andika barua moja yenye mchoro, vipimo, na jina la atakayeitunza ala. Hilo la mwisho ndilo maafisa huuliza kwanza, maana wamechoka kurithi vyuma vya watu. Sheria za kelele husimamiwa na taasisi za mazingira, NEMC upande wa Tanzania na NEMA upande wa Kenya, kwa hiyo taja kwenye barua kwamba ala haina kipaza sauti.

Mahali penye hadhi ya urithi pana mlango wa ziada. Ukitaka kuchimba Forodhani, kwa mfano, kumbuka uko ndani ya Mji Mkongwe, ambao umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Mamlaka ya Hifadhi lazima iridhie kabla hujashika sululu.

Kwa upande wa sauti, kaa mbali na barabara kuu. Mlio wa bomba hili si mkubwa, na daladala mbili zikipita hausikiki. Kaa mbali pia na ukuta wa msikiti, kanisa, wodi au darasa. Kivuli cha mti ni kizuri kwa wapigaji, lakini usichimbe juu ya mizizi.

Utajua umefaulu ukisimama pale saa ya watu wengi, ukaongea kwa sauti ya kawaida na mtu aliye hatua kumi kutoka kwako, naye akakusikia.

## Hatua ya 2: Kata mabomba

Tunatumia skeli ya noti tano, pamoja na oktavu ya noti ya kwanza (noti ile ile, ila juu zaidi, masafa mara mbili). Sababu ni kwamba ndani ya skeli hii noti zozote mbili zikigongwa pamoja hazigombani. Mpita njia ambaye hajawahi kushika ala atapiga na atasikia muziki. Ukiweka noti zote saba, nusu ya watu watadhani ala imeharibika.

Urefu wa kukata ni huu:

| Bomba | Urefu wa mwisho (sm) | Kata kwanza (sm) |
|---|---|---|
| 1 | 100.0 | 100.0 |
| 2 | 94.4 | 94.9 |
| 3 | 89.1 | 89.6 |
| 4 | 81.7 | 82.2 |
| 5 | 77.1 | 77.6 |
| 6 | 70.7 | 71.2 |

Tazama bomba la sita: noti yake iko oktavu nzima juu ya la kwanza, lakini urefu wake si nusu. Hapa wengi huteleza, kwa sababu wamezoea nyuzi za gitaa. Kwa bomba linalopigwa, masafa hupanda kwa mraba wa kupungua kwa urefu. Ukilikata nusu, noti inaruka oktavu mbili.

Kata kuanzia refu kwenda fupi. Ukikosea la pili, bado linaweza kuwa la tatu. Ukikosea fupi, limekwenda. Bomba la mita 6 litakuachia kipande cha sentimita 80 na ushei. Kitunze, ndicho cha kujaribia kila hatua inayofuata.

Tahadhari: diski ya grinda ikinasa ndani ya bomba, hupasuka. Funga bomba kwenye jiliwa, vaa miwani, na usikate ukiwa umelishika kwa mguu kama wanavyofanya vijana wa mtaani kwetu. Ukimaliza, piga tupa ncha zote, ndani na nje, hadi uweze kupitisha kidole bila kukwaruzika. Vidole vya watoto vitaingia humo, hilo lisikupe shaka.

## Hatua ya 3: Pima na kurekebisha noti

Laza vigogo viwili vya mgomba chini, sambamba, kisha laza bomba juu yake ili kila kigogo kikutane na bomba kwenye ile asilimia 22.4. Baganda hulaza funguo 12 za amadinda juu ya vigogo vya mgomba hivi hivi, na hakuna sponji ya dukani inayofanya vizuri zaidi: kigogo kinashika bomba bila kulibana.

Piga katikati kwa kitu laini, kama mti uliozungushiwa tyubu. Katikati, kwa sababu pale mlio wa pili wa bomba, ambao uko karibu mara 2.76 juu ya mlio wa msingi, hauamshwi. Simu ikisikia milio miwili inachanganyikiwa na kukuonyesha namba zinazorukaruka. Ukipiga kwa nyundo ya chuma pembeni, usiilaumu programu.

Bomba la kwanza litakupa kati ya Hz 280 na 290 hivi. Usihangaike lifike noti fulani ya piano. Mabomba ya madukani hutofautiana unene, na hakuna mtu atakayekuja bustanini na piano. Chukua namba yake kama msingi, kisha zidisha:

- Bomba la 2: mara 1.122
- Bomba la 3: mara 1.260
- Bomba la 4: mara 1.498
- Bomba la 5: mara 1.682
- Bomba la 6: mara 2

Kama la kwanza ni Hz 285, mengine yanatakiwa kuwa karibu 320, 359, 427, 479 na 570.

Zile milimita 5 za ziada ndizo akiba yako. Kupunguza urefu kunapandisha noti. Kwenye bomba la mita moja, milimita 5 ni kama asilimia 1 ya masafa, yaani sehemu ya sita ya nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano), na kwenye mabomba mafupi ni zaidi kidogo. Sikio la kawaida huanza kulalamika hapo. Saga kidogo, pima, saga tena. Lakini subiri bomba lipoe kila mara. Chuma cha moto hulia chini kidogo, na ukirekebisha likiwa limetoka kwenye grinda, jioni utakuta limepanda.

Ukipitiliza, ukasaga sana, una njia moja ya kurudi: punguza unene katikati ya bomba kwa tupa, kulizunguka pande zote. Noti itashuka kidogo. Ila unaondoa zinki pale, na kutu itaanzia pale pale. Afadhali ukate jingine.

Utajua umefaulu simu ikikuonyesha, kwa kila bomba, namba uliyoipata kwa kuzidisha. Kila bomba likae linalia kwa sekunde kadhaa baada ya kupigwa mara moja.

## Hatua ya 4: Toboa mahali panapostahili

Hatua hii ndiyo iliyoua ala nyingi nilizoonyeshwa. Fundi anaona ni jambo la kawaida kutoboa sentimita 2 kutoka juu, kama anatundika pazia. Ncha ndiyo inayocheza kuliko sehemu zote. Ukiifunga, umelishika bomba mkono.

Pima urefu wa sasa wa kila bomba, baada ya kusaga, zidisha kwa 0.224. Kwa vipimo vya jedwali, matundu yanakaa umbali huu kutoka kila ncha:

- 100.0: sm 22.4
- 94.4: sm 21.1
- 89.1: sm 20.0
- 81.7: sm 18.3
- 77.1: sm 17.3
- 70.7: sm 15.8

Kabla ya kutoboa, jaribu. Lishike bomba kwa vidole viwili pale ulipoweka alama, lining'inie, kisha mtu alipige katikati. Litalia "ngwiii" kana kwamba hujalishika. Sogeza vidole sentimita 10 kwenda juu, piga tena: "ta". Mwite fundi wako alisikie hilo mwenyewe. Maneno yangu yote hapa hayafikii jaribio hilo moja.

Toboa tundu la milimita 7 lipenye kuta zote mbili, juu na chini. Piga tupa kingo za tundu.

Tahadhari: anza na drili nyembamba. Bomba ni duara, na drili nene huteleza na kwenda kutoboa ilikotaka yenyewe.

## Hatua ya 5: Jenga fremu

Lile bomba la mraba la mita 6 linatoka vipande vinne: nguzo mbili za sentimita 212, boriti ya juu ya 85 na ya chini ya 85. Jumla ni 594, kwa hiyo pima mara mbili kabla ya kukata.

Boriti ya juu ikae kati ya nguzo, upande wake wa chini ukiwa sentimita 147 kutoka usawa wa ardhi. Boriti ya chini iwe sentimita 30. Sentimita 60 za nguzo zitazama kwenye zege.

Kwa nini upana wa ndani ni 85? Mabomba sita ya milimita 48 yanachukua kama sentimita 29, na zinazobaki zinagawanyika kuwa mapengo saba ya sentimita 8. Pengo hilo si la urembo. Kiwango cha Ulaya cha vifaa vya viwanja vya watoto, EN 1176, huhesabu pengo la kati ya milimita 89 na 230 kuwa la hatari: mwili wa mtoto unapita, kichwa kinakwama. Sentimita 8 ni salama. Fundi akikwambia "tuyaachanishe kidogo yapendeze", kataa.

Tahadhari kubwa: usichomelee GI. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa, baridi na maumivu ya mwili usiku huo huo. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanakinga, hayakingi. Ndiyo maana fremu ni ya chuma cheusi, na mabomba yanayolia hayachomelewi mahali popote.

Ziba vichwa vya nguzo kwa vipande vya bati nene ili mvua isiingie. Paka rangi ya kuzuia kutu, kisha ya mafuta. Hiyo rangi iishie kwenye fremu. Mabomba yaache na zinki yake. Ukiyapaka matabaka mazito ya rangi, sauti inafifia.

## Hatua ya 6: Simamisha

Chimba mashimo mawili ya sentimita 40 kwa 40, kina 60 na ushei. Mwaga kokoto kidogo chini maji yapate njia, simamisha fremu, kagua kwa pimamaji pande mbili, kisha jaza zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto). Juu ya zege pawe na mwinamo kidogo kutoka kwenye nguzo, maana maji yakituama pale nguzo inaoza kwenye shingo.

Mwagilia zege kwa siku 7, na usitundike chochote kabla ya hapo. Siku hizo weka uzio wa kamba na mtu wa kuulinda, kwa sababu fremu tupu bustanini ni goli la watoto kabla jua halijazama.

## Hatua ya 7: Tundika

Waya utapita ndani ya bomba. Hapo hauonekani, haumkati mtu, na mwenye kisu hana pa kuanzia.

1. Tengeneza kitanzi mwisho wa waya kwa kibano. Valisha waya mrija wa plastiki kuanzia kwenye kitanzi hadi utakapotokeza juu ya bomba. Bila mrija, waya utagusa ukuta na kutoa mzizimo wa nyuki kila bomba likipigwa.
2. Teremsha kitanzi ndani kupitia ncha ya juu hadi kifike kwenye tundu.
3. Pitisha bolti: upande wa kwanza wa bomba, ndani ya kitanzi, upande wa pili. Weka kipande cha tyubu chini ya kichwa cha bolti na chini ya nati.
4. Kaza nati hadi iguse mpira, kisha acha. Ukikaza kwa nguvu unaliminya bomba.
5. Funga waya kwenye boriti ya juu. Ncha za juu za mabomba yote ziwe usawa mmoja, sentimita 7 chini ya boriti. Chini yatapangika ngazi ngazi, refu likiishia sentimita 40 kutoka ardhini.
6. Fanya vivyo hivyo kwenye tundu la chini, waya ukishuka hadi boriti ya chini, lakini uache ulegevu wa kama sentimita 2. Kazi yake ni kuzuia bomba lisibembee na kumpiga mtu usoni, siyo kulivuta.

Kwa urefu huu mtoto wa chekechea anafikia, na aliye kwenye kiti cha magurudumu pia. Kama ardhi mbele ya ala ni mchanga mlegevu, iwekee matofali ya kukanyagia pande zote mbili.

Utajua umefaulu bomba likilia baada ya kutundikwa kama lilivyolia juu ya migomba. Likiwa fupi la pumzi, legeza waya wa chini kwanza, kisha nati. Mara nyingi ni moja ya hayo mawili.

## Hatua ya 8: Vipigio

Mpini wa mti mgumu wa sentimita 25, kichwa kikiwa kimezungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli hadi kifikie unene wa limau. Ukikibonyeza kwa kidole gumba kiingie kidogo tu. Kikiwa laini sana, bomba linanung'unika. Kikiwa kigumu sana, unasikia kugonga kuliko kulia. Tengeneza vinne vya kufunga na sita vya akiba.

Vifunge viwili kila upande kwa waya, na waya upite ndani ya mpira wa kumwagilia maua. Mpira huo unafanya kamba iwe ngumu kiasi kwamba haiwezi kujikunja shingoni mwa mtoto. Kamba ya kawaida au mnyororo mwembamba usiweke kamwe.

Pande mbili nazo zina maana yake. Wapigaji wa amadinda hukaa wakitazamana, mmoja akijaza nafasi anazoacha mwenzake, na watu wasiojuana bustanini huangukia mchezo huo bila kufundishwa. Kibao cha maelekezo kiwe na mistari miwili tu: "Piga katikati ya bomba. Pokezana na mwenzako."

## Wezi, chumvi na nyigu

Wanunuzi wa vyuma chakavu watapita. Baada ya kuridhika na sauti, gonga uzi wa bolti unaotokeza nje ya nati hadi uharibike, huku mtu akiegemeza chuma kizito upande wa pili ili bomba lisibonyee. Nati haitatoka tena kwa spana. Watu huniuliza kuhusu alumini: ndiyo, inalia muda mrefu zaidi na haishiki kutu. Na ndiyo ya kwanza kuibwa. Bustani yenye mlinzi wa usiku, weka alumini. Isiyo naye, baki na GI.

Karibu na bahari, pale Mama Ngina Mombasa au Coco Dar es Salaam, chumvi hula zinki haraka. Yaoshe mabomba kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki na kagua waya kwenye vibano, ndipo unapoanza kukatika.

Bomba moja likinyamaza ghafla na kila kitu kimekaa sawa, chungulia ndani kwa tochi. Nyigu wa udongo hupenda sana mabomba wima, na kiota kimoja cha ukubwa wa kidole kinatosha kuua mlio. Pitisha brashi ya kusafishia chupa, ndefu, kila mwezi. Usizibe ncha kwa vifuniko, maana vifuniko navyo ni uzito uliofungwa mahali pasipotakiwa.

Baada ya miezi michache angalia zinki imechubuka wapi. Kule Moru, Serengeti, lipo jiwe linalolia ambalo vishimo vyake vinaonyesha palipogongwa na watu. Mabomba yako yatakuwa na alama zake vile vile. Zikiwa katikati, vizuri. Zikiwa kwenye ncha za juu, wapigaji wako ni warefu kuliko ulivyodhani, au kibao kimeng'olewa.

Wakati wa kukabidhi, mpe msimamizi wa bustani vipigio sita vya akiba, mita mbili za waya, na karatasi yenye namba za Hz za kila bomba. Namba hizo ndizo zitakazomwezesha fundi mwingine kukata bomba jipya bila kukutafuta wewe.